Jiwe la Tuta la Mkonge: Kisa cha "Kimondo" cha Muheza

Jiwe lina uzito wa gramu 1,380. Ni jeusi lililochanganyika na wekundu wa kutu, upande mmoja bapa, upande wa pili umejaa kwa mviringo, na sumaku ikisogezwa karibu inalirukia. Kijana wa miaka 19 alilifukua kwa jembe katika shamba la familia yake wilayani Muheza, siku nne baada ya kijiji kizima kuona mwanga mkubwa ukikatiza angani saa mbili kasorobo usiku. Mwanga na jiwe vikaunganishwa siku ile ile, hata udongo haujaoshwa. Wiki iliyofuata jiwe lilikuwa limeshapata dalali, bei na karatasi ya vipimo kutoka kwenye mashine.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mambo matatu yaliyowaaminisha watu hawa, yaani uzito, sumaku na ile karatasi, ndiyo yanayowaaminisha karibu wote wanaoniletea mawe. Tena safari hii familia ilikuwa mbioni kuuza mtamba wao kwa ajili ya jiwe hilo.

Walikuja watatu Ngamiani, mjini Tanga, ninapokatia vito: kijana, mama yake, na mjomba wake ambaye ndiye aliyekuwa msemaji. Baada ya shikamoo na marahaba, mjomba aliweka jiwe mezani likiwa limefungwa kwenye kanga.

"Fundi, hatukuja kuuliza kama ni kimondo. Hilo limekwisha. Tunaomba utukatie kipande cha gramu 20 tukipeleke."

"Kipelekwe wapi, mjomba?"

"Kwa mtu wetu. Ana mnunuzi. Anataka kipande na hela ya cheti."

Hela ya cheti ilikuwa shilingi 600,000. Walishatuma 250,000 kwa simu. Zilizobaki ndizo zingetoka kwa mtamba. Mama hakusema neno muda wote huo, ila aliponiangalia nilielewa kwamba mtamba ni wake.

Niliomba tusikate kwanza. Kipande kilichomeguka tayari kilikuwepo, kwa maana mjomba alikuwa amelipiga nyundo pembeni na kulichoma kwenye jiko la mkaa usiku mzima, aone kama litabadilika. Hili ni jambo la kusikitisha na linatokea mara nyingi. Jiwe likiwa kimondo kweli, moto unaharibu kumbukumbu ya mabilioni ya miaka iliyomo ndani yake, na nyundo inabandua ngozi ya nje ambayo ndiyo ushahidi wa kwanza. Hata sumaku kali, zile ndogo za rangi ya fedha zinazotolewa kwenye spika na diski za kompyuta, inafuta usumaku wa asili ambao wataalamu huusoma ili kujua jiwe lilizaliwa katika mazingira gani. Mwenye jiwe la mashaka atumie sumaku dhaifu ya mlango wa friji, tena aining'inize kwa uzi aone kama inavutwa, asiisugue juu ya jiwe.

Tukaanza na uzito, kwa kuwa ndio waliojivunia zaidi. Nilipima jiwe kwenye mizani, kisha nikalining'iniza kwa uzi ndani ya ndoo ya maji na kupima tena. Lilipungua gramu 400, ambao ni uzito wa maji liliyoyasukuma, yaani ujazo wake ni sentimita 400. Gawa 1,380 kwa 400 unapata 3.45, yaani kila sentimita ya ujazo ina gramu tatu na nusu kasoro kidogo. Mjomba aliniuliza hiyo maana yake nini, na ilinibidi nimwambie ukweli ambao ulimfurahisha: vimondo vya mawe vya kundi la kondriti za kawaida, ambavyo ndivyo zaidi ya robo tatu ya vyote vinavyoshuhudiwa vikianguka, kwa kawaida vina kati ya 3.2 na 3.6. Kwa kipimo hiki peke yake, jiwe la Muheza lilikuwa limekaa katikati ya kundi. Na kondriti hizo zinanasa sumaku, kwa kuwa zina chembe za chuma. Vipimo viwili, na jiwe limepita vyote viwili.

Ndiyo maana siridhiki kamwe na mtu anayeishia hapo. Katika mkoa huu wa Tanga vitu vizito, au vinavyonasa sumaku, ni vingi mno. Milima ya Usambara imejengwa kwa miamba iliyopikwa chini kabisa ya ardhi, na ndani yake mna ganeti nyekundu nzito. Kule bonde la Umba ganeti hiyo hiyo watu wanaichimba kama kito. Ufukoni Pangani kuna mchanga mweusi, na ukipitisha sumaku juu yake inatoka na ndevu za chembe za madini ya chuma. Kuna tufe za chuma zinazotumika kusagia saruji viwandani, ambazo zikichakaa hutupwa, na mtoto akiokota moja shambani hakuna atakayemsadiki kwamba si kitu cha angani. Na karibu na mji kuna mabaki ya mapigano ya Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuutwaa mji wa Tanga kutoka kwa Wajerumani wakashindwa. Kipande cha chuma kilichochongoka kutoka ardhini maeneo hayo kinaweza kuwa kigae cha kombora, na kinaweza pia kuwa kombora zima ambalo halijalipuka. Asikipige mtu nyundo. Apige simu polisi.

Nikageuza jiwe tuangalie ngozi.

Kimondo kinaingia kwenye hewa yetu kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Uso wake unayeyuka na ule ulioyeyuka unapeperushwa nyuma papo hapo, kwa hiyo joto halipati muda wa kuzama ndani. Kikipunguza kasi, utando wa mwisho ulioyeyuka unaganda na kuwa ngozi nyeusi, mara nyingi nyembamba kuliko milimita moja, inayolifunika jiwe pande zote. Ndani ya ngozi hiyo jiwe linabaki na rangi yake. Mawe yaliyoanguka Thika, Kenya, tarehe 16 Julai 2011 yalikuwa meusi kwa nje na yalipovunjika ndani yakaonekana ya kijivu cheupe. Vimondo vingine vina mabonde madogo laini usoni, mfano wa udongo mbichi uliobonyezwa kwa kidole gumba.

Jiwe la mjomba halikuwa na ngozi. Lilikuwa jeusi nje na jeusi ndani. Upande bapa ulikuwa na mikunjo ya kitu kilichotiririka kikaganda, unang'aa kama kioo hapa na pale, na umejaa vitundu. Upande wa mviringo ndio ulionisimamisha. Ulikuwa umeng'ang'aniwa na chembe za mchanga na udongo mwekundu uliochomwa hadi ukawa tofali, ukaungana na jiwe kiasi kwamba kucha haiubandui. Nilimpa kijana lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, aangalie mwenyewe.

"Huu ni udongo wa kwetu," akasema.

"Umechomwa na nini?"

"Na hicho kimondo kilipoanguka."

Jibu lake ni la akili, na ndilo wengi wangelitoa, kwa sababu tumezoea kuwaza kwamba kinachotoka angani kinafika kinawaka. Hakifiki kinawaka. Mwanga tunaouona unaanzia juu sana, kilomita 100 au pungufu kidogo, na kwa kawaida unazimika jiwe likiwa bado kilomita 20 hadi 30 juu ya ardhi. Kutoka hapo linaanguka gizani kwa dakika kadhaa, likipita kwenye hewa ya baridi kali, kwa kasi ya kitu chochote kinachodondoka kutoka juu sana. Likitua mara nyingi ni la baridi au vuguvugu tu. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mvua ya vimondo iliangukia mji na vitongoji vyake, na kipande cha gramu chache kikampiga mtoto kichwani baada ya kupita kwenye majani ya mgomba. Hakuungua wala hakujeruhiwa. Jiwe la ukubwa wa ngumi mbili linaloanguka namna hiyo litatoboa bati na kuchimba kishimo kwenye tuta la mihogo, lakini halitachoma udongo ukawa tofali. Udongo ule ulikaa kwenye moto wa makaa kwa muda mrefu.

Kisha nikachukua kile kipande alichomegua mjomba na kukisawazisha uso kwenye diski yangu ya kunolea vito. Sikuhitaji eneo kubwa kuliko kucha ya kidole. Hapa naomba msomaji akae nami kidogo, kwa sababu uso uliosawazishwa unasema kuliko vipimo vingine vyote unavyoweza kufanya nyumbani.

Kwa lupu ya kukuza mara kumi, kitu cha kwanza kilikuwa vitundu vya hewa. Vingine vya mviringo kamili, vingine vimevutwa virefu kuelekea upande mmoja, jinsi povu linavyovutika ndani ya kitu kizito kinachotiririka. Vimondo vyenye vitundu vipo, lakini ni adimu kupita kiasi. Jiwe lililojaa povu lisogeze pembeni kwanza. Kati ya vitundu kulikuwa na sindano nyembamba za kijivu zilizopandana, ambazo ni fuwele zilizokua haraka wakati uji wa moto unapoa. Katikati ya sindano kulikuwa na matone ya chuma, mviringo, machache, kila moja limezungukwa na duara la kutu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakivuta sumaku. Na pembeni kabisa, kwenye shimo kubwa kidogo, kulikuwa na chapa ya kipande cha mkaa: mkaa wenyewe umeshateketea, lakini mistari ya mti ilikuwa imebaki imepigwa muhuri kwenye ukuta wa shimo. Nilimpa mjomba lupu. Aliangalia kwa muda mrefu.

Kondriti ikisawazishwa hivyo haina povu. Chuma chake hakina umbo la tone. Ni vipande visivyo na umbo maalumu, vimetawanyika jiwe zima. Na katika nyingi kati yake utaona vidonge vidogo vya mawe, vingi vikiwa na upana usiofika milimita moja, vimebanana ubavu kwa ubavu. Vidonge hivyo vilikuwa matone yaliyoelea angani kabla dunia haijakamilika kuumbika, na hakuna mwamba wa duniani wenye kitu cha namna hiyo.

"Basi na karatasi je?" mjomba akauliza. Aliitoa mfukoni, imekunjwa mara nne.

Karatasi ilitoka kwenye ile mashine ya kushika mkononi inayopima madini kwa mionzi ya eksirei, ambayo wanunuzi wa dhahabu wanaitumia. Ilisomeka hivi: chuma asilimia 95.8, manganizi 2.9, titani 0.7, nikeli 0.04, na mengine madogo madogo. Dalali alikuwa amezungushia kalamu ya bluu ile 95.8 na kuandika pembeni KIMONDO CHUMA.

Karatasi hii haikughushiwa, na sidhani aliyepima alikuwa na nia mbaya. Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa imewekwa kwenye mpangilio wa kupimia vyuma. Mashine za aina hii haziioni oksijeni kabisa, na zikiwa kwenye mpangilio huo zinachukulia kwamba kila kilichopo mbele yake ni metali. Inachukua zile metali ilizoziona, inazigawia asilimia hadi zifike 100, na kila kitu kingine ndani ya jiwe kinatoweka kwenye hesabu. Ukipima tofali jekundu kwa mpangilio huo unaweza kuambiwa ni chuma kwa sehemu kubwa.

Unaweza kuikamata karatasi hiyo bila kuwa na mashine nyingine. Kitu ambacho ni chuma kwa asilimia 95.8 lazima kikaribie gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo. Ndoo yetu ya maji ilishatuambia 3.45. Hata ukiondoa nafasi ya vitundu, pengo hilo halizibiki.

Na namba muhimu kuliko zote dalali hakuizungushia kalamu. Chuma cha vimondo kina nikeli siku zote. Kimondo cha Mbozi kina nikeli karibu asilimia 9, na ni nadra kukuta kimondo cha chuma kilicho chini ya asilimia 5. Hata kondriti, ambayo sehemu kubwa ni jiwe, ukiisaga yote kwa pamoja itakupa zaidi ya asilimia 1. Karatasi ya dalali ilisema 0.04. Manganizi nayo ilikuwa juu, na manganizi kwa wingi huo tunaitegemea kwenye chuma kilichopita mikononi mwa binadamu. Yaani uthibitisho kwamba jiwe si kimondo ulikuwa umechapishwa kwenye karatasi ile ile iliyotumika kuwauzia mbuzi kwenye gunia.

Mbozi ndiyo iliyotuzoesha kutafuta chuma. Tunakulia na picha yake: donge la urefu wa mita tatu, tani 16 hivi, limelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, mkoa wa Songwe siku hizi. Ni fahari yetu. Lakini vimondo vya chuma ni vichache kati ya vinavyoanguka, na nchi hii imepokea vingine ambavyo kwa kipimo cha mjomba vingetupwa jalalani. Tarehe 16 Desemba 1938, Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, lilianguka jiwe ambalo mabaki yake yote yana gramu 705 tu. Ni jeusi, laini, linavunjika kwa vidole, jepesi kuliko mawe mengi ya barabarani. Na ndilo mojawapo ya mawe yenye thamani kubwa kwa sayansi duniani, kwa kuwa ukiacha gesi, mchanganyiko wa elementi zake unakaribia sana ule wa jua lenyewe. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo, ambavyo havizidi vichache duniani kote, wanasayansi wamelipa herufi ya Ivuna. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta gramu 5.4 za udongo wa kisayari cha Ryugu mwishoni mwa mwaka 2020, ulifananishwa na jiwe la Ivuna. Na Peramiho, kule Songea, tarehe 24 Oktoba 1899 kilianguka kimondo ambacho karibu hakina chuma cha metali kabisa. Sumaku ya friji isingekijali.

Kwa hiyo uzito na sumaku vinakosea pande zote mbili. Vilikuwa vimekaribisha jiwe la Muheza; uzito ungelifukuza la Ivuna, na sumaku ingelifukuza la Peramiho.

Bado ilibaki swali la haki ambalo mama ndiye aliyeliuliza: "Sasa kama si kimondo, ni nini, na limefikaje shambani kwangu?" Swali hilo halijibiwi mezani. Tulikwenda shambani.

Shamba lao ni sehemu ya lililokuwa shamba la mkonge. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na ndani ya miaka michache ukawa umetapakaa bondeni kote kufuata reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Tanga kwenda Usambara. Kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake ya kukamulia majani, vireli vidogo vya matoroli, na karakana yenye tanuri la mhunzi, maana kulabu, ekseli na vipuri vya matoroli vilikuwa vikivunjika kila siku. Pale kijana alipochimba ni juu ya tuta refu lililonyooka, ambalo kwa sasa wanapanda mihogo kwa sababu maji hayasimami. Hakuna tuta la asili linalonyooka namna ile.

Nilimwomba achimbe tena pale pale na hatua chache pembeni. Jembe lilitoa donge la pili, dogo, bapa juu na mviringo chini. Likatoa la tatu. Likatoa bolti iliyoliwa na kutu, kipande cha tofali la tanuri, na majivu yaliyoshikamana. Katika donge la tatu mzizi wa nyasi ulikuwa umeingia tundu moja na kutokea lingine, umenenepa ndani yake. Kitu kilichoanguka usiku ule wa mwanga hakiwezi kuvishwa mzizi. Kijana aliuona kabla yangu, akaushika, akanionyesha bila kusema kitu.

Jirani yao, bibi mmoja mtu mzima sana ambaye marehemu mumewe alifanya kazi karakana, aliitwa aje aone. Hakuhitaji lupu.

"Haya ni mavi ya chuma, wajukuu zangu. Wahunzi wakiyatoa chini ya moto asubuhi, yanapakiwa kwenye toroli yanakwenda kujazia tuta. Mimi nimeyakanyaga haya miaka na miaka."

Umbo lenyewe linakubaliana naye. Chuma kikifuliwa, magamba yake yanadondoka, yanachanganyika na mchanga na majivu, yanayeyuka na kukusanyika chini ya pale upepo wa mivukuto unapoingilia. Yanaganda yakiwa yamechukua umbo la kishimo cha jiko: mviringo chini, ambako yanagusa udongo, na bapa juu. Kila kitu tulichokiona mezani kina mahali pake katika maelezo hayo: udongo uliochomwa, povu, matone ya chuma, chapa ya mkaa.

Nitie neno hapa kwa wanaochimba mbali na mashamba ya mkonge. Uhunzi katika nchi hii ni wa kale kuliko Wajerumani kwa karne nyingi; Wapare wana ukoo wa Washana ambao chuma ndiyo kazi yao ya asili. Ukikuta mavi ya chuma milimani, pasipo bolti wala tofali, na pamoja nayo kuna vipande vya vibomba vya udongo vilivyoungua ncha, usiendelee kuchimba. Hapo panaweza kuwa mahali pa kuyeyushia chuma pa zamani, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inapalinda. Toa taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Na ule mwanga? Huo ulikuwa kimondo kweli, sina shaka, na ndio sehemu ya kisa iliyonipa hamu kuliko jiwe. Kila mtu kijijini alisema kiliangukia "hapo nyuma ya minazi". Nilimwomba mama asimame pale pale alipokuwa amesimama usiku ule, anyooshe mkono na kukunja ngumi, aniambie mwanga ulizimika ngumi ngapi juu ya upeo wa macho. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10 hivi. Akasema moja, upande wa mashariki kabisa. Mwanga ukizimika kilomita 25 juu ya ardhi na ukauona kwa nyuzi 10, umbali kutoka ulipo hadi chini ya ule mwanga ni kama kilomita 140. Kutoka Muheza kwenda mashariki kilomita 140 ni ng'ambo ya Pemba, bahari kuu. Tuseme mama amekosea na zilikuwa ngumi mbili: ni kilomita 70, na hapo upo katikati ya mkondo wa Pemba. Ili kitu kile kianguke shambani kwake, ilipaswa aangalie juu ya utosi wake, na baada ya dakika moja na nusu hivi asikie ngurumo. Hakuna aliyesikia kitu. Mvuvi wa Kigombe aliyekuwa majini aliuona ukishuka upande wa Pemba. Ndugu yangu aliyeko Wete, ambaye nilimpigia simu, aliuona ukiishia mashariki yake. Kama kulikuwa na mawe yaliyosalimika, yamo ndani ya Bahari ya Hindi.

Mtu akiona mwanga wa namna hiyo, aandike saa, asimame pale pale aliposimama, atafute mwelekeo kwa dira ya simu, na apime ngumi mwanzo na mwisho wa njia yake. Shirika la Kimataifa la Vimondo linapokea taarifa za watu wa kawaida mtandaoni bila malipo, na taarifa tatu nne kutoka sehemu mbalimbali zinatosha kuonyesha kama kuna haja ya kwenda kutafuta jiwe na wapi.

Mtamba hakuuzwa. Shilingi 250,000 hazijarudi. Mjomba alimpigia dalali simu mbele yangu akamweleza kuhusu nikeli, naye akajibu kwamba kuna mnunuzi mwingine asiyejali nikeli ila cheti kitapanda kidogo. Ndipo mjomba alipokata simu. Ameshakwenda polisi na namba ile, pamoja na ujumbe wa muamala.

Kwa walio na jiwe mkononi sasa hivi na namba ya mtu wa aina hii kwenye simu: hakuna cheti ambacho mgunduzi anakinunua kabla jiwe halijachunguzwa. Kimondo kinatambuliwa rasmi na kamati ya majina ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, baada ya maabara kukichambua na sampuli yake kuhifadhiwa kwenye taasisi: gramu 20, au sehemu moja ya tano ya uzito wote kama jiwe ni dogo. Kinapewa jina la mahali kilipopatikana, na kamati haimtozi mgunduzi ada. Anzia kwa Afisa Madini Mkazi wa Tanga, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania pale Dodoma, au idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Peleka picha za jiwe pande zote likiwa na rula pembeni, picha ya uso mmoja uliosawazishwa, uzito wake nje na ndani ya maji, na picha ya shimo lilikotoka kabla hujalifukia. Kipimo cha nikeli kikihitajika, mwombe mwenye mashine aiweke kwenye mpangilio wa kupimia mawe, na aiandike namba hiyo hata kama ni sifuri.